Ukuta wa Ramani ya Vita na Jina la Mzee Barasa

Mwezi uliopita niligawa brashi zangu. Zile bapa alichukua Kevo wa Umoja, zile nyembamba za herufi akachukua dada yake, na thina iliyobaki, ile ya kuyeyushia rangi, nikamwachia jirani anayepaka mageti. Mkono wa kulia ulinikataa miaka minane iliyopita. Wa kushoto, niliofundisha kazi ukubwani, sasa umeanza kutetemeka kwenye herufi S, na fundi ambaye S yake inatetemeka aende nyumbani. Nina miaka hamsini na minne.

Nyinyi mnaobaki kwenye kuta za Mowlem, Umoja na Dandora mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hivyo mtanivumilia. Nitaeleza kazi, lakini kuna jambo nataka litoke kwangu kabla halijaoza. Hata nyinyi ambao hamkumjua Mzee Barasa mmesikia kwamba alianguka kwenye ukuta wa shule kwa sababu alikuwa amelewa. Mafundi wanaitumia habari hiyo kuwatisha vijana. Hakuwa amelewa. Habari hiyo ilitungwa, waliotunga nawajua kwa majina, na nitawataja.

Nilimkuta Mzee Barasa nikiwa na miaka ishirini na miwili, kando ya Jogoo Road, akiandika jina la duka la dawa. Alikuwa ametoka reli, ambako kazi yake ilikuwa kuandika nambari kwenye mabehewa, hadi siku walipoambiwa wengi wao warudi nyumbani. Nilisimama nyuma yake karibu saa nzima. Hakugeuka.

"Unajua kusoma?" akauliza.

"Kidogo, Mzee."

"Vizuri. Anayejua kusoma sana hukimbilia mwisho wa neno, halafu ukuta unamwishia."

Siku saba za kwanza sikugusa brashi. Nilishika kamba. Unaipaka unga wa bluu, mmoja anashika huku, mwingine kule, mnaivuta ikaze, halafu unaibana katikati na kuiachia. Inapiga ukuta na kuacha mstari ulionyooka kuliko mstari wowote utakaochora kwa mkono. Mlio ukiwa mzito, kamba imelegea, rudia. Mzee alikuwa akisikiliza ule mlio akiwa amenipa mgongo, na akitaka nirudie alikohoa tu. Hakuwa mtu mpole. Alikuwa na maneno makali na aliyapenda maneno yake.

Saa sita mchana alikunywa pakiti moja ya maziwa. Mafundi wa rangi tunaamini maziwa yanaosha thina kifuani. Daktari mmoja aliniambia si kweli, na nilipomfikishia Mzee habari hiyo alisema huyo daktari hajawahi kupaka tangi akiwa ndani yake. Pombe hakugusa. Ujanani aliinywa hadi ikataka kumla, kisha akaingia kanisa lao, ambalo lina sare na lina kiapo cha kutokunywa. Anayevunja kiapo anavuliwa sare, na akifa kabla hajatubu anazikwa bila sare. Mzee alikuwa ameshika kiapo hicho zaidi ya miaka ishirini. Alikizungumzia kama mtu mwingine anavyozungumzia shamba lake.

Yeye ndiye aliyenifundisha ramani. Unachukua kitabu, unagawa ukurasa kwa penseli uwe miraba midogo, kisha unagawa ukuta kwa kamba uwe miraba mikubwa, idadi ileile. Halafu unanakili mraba mmoja mmoja. "Usitazame nchi," alikuwa akisema. "Ukitazama nchi utaichora unavyoifikiria. Tazama mraba." Ndiyo maana mtu wa darasa la saba anaweza kuchora dunia nzima bila kujua nani anakaa wapi. Nimechora dunia kwenye kuta za shule kama mara ishirini. Italia kwangu ilikuwa mguu. Norwe ilikuwa adhabu.

Na alikuwa na sheria ya kopo. Rangi ya mafuta ukiifungua na kuiacha inafanya ngozi juu, na ile ngozi ikivunjika inaingia kwenye brashi na kuchafua kazi. Kwa hivyo kopo likifunguliwa, unapaka kila mahali panapotaka rangi hiyo, ukutani kote, kabla hujafungua lingine. Nchi zilizopakwa pamoja tuliziita watu wa kopo moja. "Ureno na Uhispania leo ni watu wa kopo moja," Mzee angesema asubuhi, nami nikajua nianzie wapi. Kwa nini wawe wa kopo moja halikuwa swali letu.

Lilikuja kuwa swali langu miaka minane iliyopita, kwenye shule moja ya sekondari nyuma ya Buruburu. Jina la shule nitaliacha, maana waliopo sasa si wale wa wakati ule. Mwalimu wa historia aliitwa Akinyi. Alitaka ukuta wa maabara, ule wa pembeni wenye kilele, uchorwe ramani ya vita vya pili vya dunia: waliokuwa upande mmoja rangi moja, waliokuwa upande wa pili rangi ya pili, waliokaa kando kijivu. Wanafunzi walikuwa wanashindwa kukumbuka nani alikuwa na nani. Akatupatia kitabu chake, kipande cha karatasi kikionyesha ukurasa.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu yote yaliyofuata yanatoka hapo. Kitabu kile kilikuwa na ramani mbili zinazotazamana. Kulia vita vya pili, kushoto vita vya kwanza. Niligawa miraba ukurasa wa kulia na nikachora mistari kutoka huko. Kwenye kupaka, upepo ulipindua kipande cha karatasi kikaangukia ukurasa wa kushoto, na mimi nikachukua rangi kutoka huko. Mipaka ilifanana vya kutosha kunidanganya. Tulikuwa na jukwaa zuri la mabomba ya chuma lililotoka stoo ya shule, lenye mbao pana, tukashuka nalo kutoka kilele hadi chini kwa siku nne. Kopo la bluu kwa Mwingereza na wenzake. Kopo jekundu kwa Mjerumani na wenzake. Kazi safi kabisa.

Asubuhi ya Jumatatu kidato cha tatu walisimama mbele ya ukuta. Kijana mmoja akaniita.

"Fundi, hii ramani iko na shida."

"Shida gani?"

"Japani umeieka na Mwingereza. Hao si walikuwa wanapigana?"

"Na Italia pia," akasema msichana mmoja. "Fundi ameleta amani."

Walicheka hadi kengele ikalia. Mzee Barasa alikuja, akatazama kitabu, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Musyoki," akasema, "umemaliza vita vya dunia peke yako, na hata saa nne haijafika."

Nilitamani kuingia ndani ya kopo. Lakini nilipofungua tena kile kitabu, kurasa mbili zikitazamana, aibu ilinitoka na kitu kingine kikaingia. Japani ilikuwa na Mwingereza ukurasa wa kushoto, na ukurasa wa kulia inampiga. Italia vilevile. Uturuki kushoto ilikuwa na Mjerumani, kulia ni kijivu, imekaa kando. Kati ya vita na vita ilikuwa kama miaka ishirini. Mtu anahamaje kopo kwa miaka ishirini?

Nilimuuliza Mwalimu Akinyi wakati wa chai. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, anayekula mandazi akiwa amesimama.

"Unadhani walipendana?" akaniuliza. "Hawakupendana. Kila mmoja alikuwa na kitu anachotaka na kitu anachoogopa. Japani ilikuwa na mkataba na Mwingereza, na Mjerumani alikuwa na sehemu zake kule Asia. Japani ikaingia, ikazichukua. Baadaye ikataka China, Mwingereza na Mmarekani wakawa kizuizi, na Mjerumani hakuwa kizuizi. Basi."

"Na Italia?"

"Italia ni nzuri zaidi. Kabla ya vita vya kwanza ilikuwa imeahidiana na Mjerumani. Vita vilipokuja ikasema, sisi tuliahidi kukusaidia ukivamiwa, na wewe hukuvamiwa. Ikakaa pembeni. Huku inakaa, inaongea kwa siri na upande wa pili: nikija kwenu mtanipa nini? Wakaandikiana. Ikaja."

"Kwa hivyo kuna karatasi."

"Karibu kila mara kuna karatasi, fundi."

Niliacha chai yangu ikapoa. Nilimuuliza nani huanza kumtafuta mwenzake, yule mwenye nguvu au yule mwenye hofu. Nilimuuliza kama wanatia sahihi wote siku moja. Aliniambia kuhusu Mrusi, ambaye alitia sahihi na Mjerumani kwamba hawatapigana, wakagawana Poland, na hata miaka miwili haikuisha Mjerumani akamvamia. Mwingereza, ambaye siku zote hakuweza kumvumilia Mrusi, akampa mkono mara moja. "Hakumpenda zaidi kuliko jana yake," Mwalimu akasema. "Adui yao tu ndiye alikuwa amekuwa mmoja." Mmarekani naye alikaa kando, akiwapa silaha wale anaowataka washinde, hadi Japani ilipompiga bandarini.

"Na mtu akitaka kutoka katikati ya vita?" nikauliza.

"Italia ilitoka. Rafiki yake wa jana akaingia nyumbani kwake na mizinga." Akapangusa mafuta ya mandazi kwenye kitambaa. "Wewe fundi ungekuwa kwenye darasa langu ungenimaliza."

Mzee Barasa alikuwa akisikiliza huku anaosha brashi. Aliuliza swali moja tu. "Na Kenya ni ya kopo gani?"

"Bluu, Mzee. Tulikuwa koloni."

"Baba yangu alikwenda Burma. Chifu alikuja na orodha, jina lake limo. Alirudi na koti na kikohozi. Unamwita mshirika?"

Mwalimu alifikiri. Ni jambo nililompendea, alikuwa anafikiri mbele ya watu. "Mshirika ni yule aliyeulizwa," akasema mwishowe. "Wekeni bluu, halafu mpige mistari myeupe juu. Nitawaambia wanafunzi maana yake ni waliletwa." Afrika ilikuwa chini, tuliifikia tukiwa tumesimama kwenye meza. Mzee alipiga mistari hiyo mwenyewe, kutoka Kenya hadi nchi zote zilizoletwa, na sijamwona akipiga mistari kwa raha namna ile, hata kwenye saluni iliyompa ukuta mzima.

Italia na Japani zilikuwa juu. Na Uturuki, na nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Kuzirekebisha kulihitaji jukwaa, na Jumanne asubuhi jukwaa halikuwepo.

Naibu wa mwalimu mkuu aliitwa Kimeu. Ni mtu wa Machakos kama mimi, na alipenda kunikumbusha. Alikuwa anajenga nyumba yake Ruai. Jumanne alfajiri pikapu iliingia shuleni na mtunza stoo, Shikuku, akapakia mabomba yote na mbao zote bila kuandika popote. Naandika hivyo kwa sababu nilimwona Shikuku akifunga stoo, nikamuuliza, naye akasema, "Yamekwenda kwa naibu, yatarudi Jumatatu." Hakuona kosa lolote. Kila mtu alijua mabomba yale yanatembea.

Tulimwendea Kimeu. Mzee alimwambia tutasubiri Jumatatu.

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa," Kimeu akasema. "Mnataka waikute Japani imekaa na Mwingereza? Madawati yapo. Ngazi ipo."

"Ngazi juu ya madawati, Naibu?"

"Mafundi wa Kenya mnapanda vitu vibaya kuliko hivyo. Musyoki, wewe ni mtu wa kwetu, mweleze Mzee."

Sikumweleza Mzee chochote, wala sikumwambia Kimeu hapana. Mwalimu Akinyi alikuwepo pale ofisini, na yeye aliwaogopa wakaguzi kuliko sisi. Alikuwa ameajiriwa na wazazi wa shule kwa mkataba wa muhula kwa muhula. "Tafadhali, Mzee," akasema, "hizo nchi za juu tu."

Jumatano, saa nne asubuhi, tulipanga madawati manne, mawili juu ya mawili, tukasimamisha ngazi juu yake. Mimi nilitaka kupanda, kosa lilikuwa langu. Mzee alikataa. Alisema mkono wangu kwenye mguu wa Italia haumridhishi. Nikasimama kwenye dawati la chini nikashika ngazi kwa mikono miwili. Alipaka Japani nyekundu, tukahamisha madawati, akapaka Italia nyekundu, akateremka vipandio viwili kuifikia Uturuki. Alikuwa anasema kitu kuhusu Waturuki, kwamba safari hii wametumia akili. Dawati la juu likateleza kwenye kile chuma laini cha dawati la chini. Nilisikia ngazi ikiondoka mikononi mwangu kabla sijaiona. Mzee aliniangukia, kisha akaangukia ukingo wa saruji.

Mimi nilivunjika kiwiko na bega la kulia. Yeye ilikuwa kichwa. Tulipelekwa hospitali kwenye gari la mboga la shule, na hakufungua macho.

Siku ya pili walikuja kitandani kwangu watatu: Kimeu, Shikuku na Mwalimu Akinyi. Kimeu alikuwa na karatasi. Ilisema kwamba Mzee Barasa alikuja kazini akinuka pombe, kwamba alionywa asipande, na kwamba alipanda kwa ukaidi. Jukwaa halikutajwa. Chini kulikuwa na sahihi tatu na nafasi ya nne.

"Alikuwa ananuka thina," nikasema. "Sisi sote tunanuka thina."

"Thina, pombe, mtu wa pembeni atajuaje tofauti?" Kimeu alivuta kiti karibu. "Musyoki, nisikilize kama ndugu. Wakianza kutafuta wa kulaumu, wataanza na aliyeshika ngazi. Halafu watauliza kwa nini mlipanda mara ya pili. Ni nani alichanganya kurasa? Nitawaambia nini?"

Nilimtazama Shikuku. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimtazama Mwalimu, yule aliyekuwa anafikiri mbele ya watu. Alisema kwa sauti ndogo, "Mkataba wangu unaisha mwezi huu."

Nimefikiria kitanda kile mara nyingi kuliko kitu kingine chochote maishani. Hakuna kati ya wale watatu aliyempenda mwingine. Shikuku alikuwa akimsema Kimeu vibaya kila siku nyuma ya jiko. Kimeu alimwita Mwalimu Akinyi mwenye kiherehere. Kimeu aliogopa nyumba ya Ruai itajwe, Shikuku aliogopa kitabu cha stoo kifunguliwe, Mwalimu aliogopa mkataba, na mimi niliogopa ukurasa wa kushoto. Kila mmoja alikuja na hofu yake, na karatasi moja ikawatosha wote. Na yule ambaye hakuulizwa alikuwa amelala wodi ya pili.

Nilitia sahihi. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, nikatia kwa wa kushoto, na ikatoka kama maandishi ya mtoto. Mimi ndiye wa nne.

Mzee Barasa alifariki Jumapili. Karatasi ilifika kwa familia, na kutoka kwa familia ikafika kanisani. Wazee wa kanisa walikaa, wakasikitika, wakafuata sheria yao. Alisafirishwa kwao Bungoma akiwa amevaa suti ya kawaida. Binti yake Nafula, ambaye anashona nguo Umoja, alikuwa ameshapiga pasi ile sare akaambiwa airudishe nyumbani. Hilo nilisimuliwa. Mazishini sikwenda. Nilisema ni kwa sababu ya bega.

Baada ya hapo miaka minane nilifanya kazi za chini, kuta za vibanda na mageti, chochote kisichozidi urefu wa kifua. Kiwiko hakinyooki. Nilijifunza mkono wa kushoto kwa kuandika "Hapa si choo" kwenye uzio wa mabati mmoja baada ya mwingine, na ukitembea kutoka Mowlem hadi Dandora utaona jinsi herufi zangu zilivyokuwa zikikua. Na nilinunua vitabu. Kile cha historia cha kidato cha tatu nilikipata kwenye mitumba ya vitabu, kimechanika jalada, nikakisoma kwa kamusi. Watu walidhani nimeokoka, jinsi nilivyokaa nacho. Nilitaka kujua kila mkataba: nani aliutaka kwanza, aliahidiwa nini, na nani hakuambiwa. Nikaona kwamba Mmarekani na Mrusi, walioshinda pamoja, hata hawakungoja vumbi litulie kabla ya kuanza kuoneana wivu. Nikaona Bulgaria ikichagua mshindwa mara zote mbili, nikaihurumia. Kinyozi wangu ananiita Profesa wa Vita. Kitu ambacho sikukipata kitabuni ni mtu aliyetia sahihi halafu akaweza kulala.

Nilipogawa brashi mwezi uliopita, mikono ikawa haina kazi, na kichwa kikafanya kazi ya mikono. Siku ya tatu nilivaa koti nikaenda Umoja kwa Nafula.

Alikuwa kwenye cherehani, anapindia upindo wa sketi ya shule. Aliniambia nikae. Nilimwambia yote, kutoka kipande cha karatasi kilichopinduliwa na upepo hadi sahihi. Hakusimamisha cherehani hadi nilipofika kwenye kitanda cha hospitali. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Baba nilimwosha mimi hospitalini," akasema. "Siku ileile mlipoletwa. Nilimpangusa mdomo. Unadhani mtoto wa mtu aliyekuwa mlevi hajui harufu ya pombe?"

"Kumbe ulijua."

"Nilijua. Niliwaambia wazee wa kanisa, wakasema mimi ni binti yake, nitasema nini tena? Karatasi ilikuwa na sahihi nne." Alikunja sketi. "Nimekaa hapa miaka minane nikingoja nione nani kati yenu ataingia kwa mlango huo kwanza. Nilidhani angekuwa yule mwalimu."

"Nisamehe, Nafula."

"Usiniombe mimi, Musyoki. Mimi sikumvua sare. Nenda kawaambie waliomvua."

Mzee wa kanisa alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasikiliza hadi mwisho. Halafu akasema neno moja dhidi ya karatasi ya watu wanne ni neno moja. Alihitaji angalau mwingine kati ya wale wanne. Nilimpigia Shikuku, akasema nambari si yake, kwa sauti yake. Kimeu sasa ni mwalimu mkuu mahali pengine, na ile nyumba ya Ruai imekwisha na ina ghorofa. Alipokea simu, akaniuliza nina shida gani, nikamweleza.

"Musyoki, mambo ya zamani yanakusaidia nini?"

"Nataka useme tu jukwaa lilikuwa wapi."

"Jukwaa gani?" akasema, na akakata.

Nambari ya Mwalimu Akinyi nilipewa na mwanafunzi wake wa zamani. Nilimweleza yote. Mkataba haukuongezwa, aliniambia. Walimtoa muhula uleule, sahihi haikumsaidia hata wiki sita. Sasa anafundisha Athi River. Nilingoja aseme kwamba yamepita. Nilisikia wanafunzi wakipiga kelele nyuma yake.

"Kanisa ni lipi," akauliza, "na ni saa ngapi?"

Jumapili hiyo tulikuwa wawili. Baada ya matangazo tuliitwa mbele, mimi nikasema yangu, yeye akasema yake, na alilia kidogo lakini hakuacha neno hata moja, hata lile la kwamba yeye ndiye aliyemwambia Mzee tafadhali. Karani wa kanisa alifungua daftari la washiriki na kurudisha jina la Mzee Barasa mahali pake. Wazee walisema mwezi wa nane watakwenda Bungoma kuweka sare juu ya kaburi na kuimba nyimbo ambazo hazikuimbwa. Watu walitushika mikono. Mimi ule wa kulia hauinuki vizuri, nikawapa wa kushoto.

Nafula hakutushika mkono. Alikuwa amekaa benchi la tatu na aliendelea kukaa hadi watu wakapungua. Kisha akainuka, akapita katikati yetu akielekea mlangoni, na alipofika usawa wangu akasimama kidogo bila kunitazama.

"Bado wawili," akasema, akatoka nje.